Kipima Hewa cha Muzafaru

Kila asubuhi, baada ya swala na kabla ya chai, Zainah alitoka uani na ufunguo mkononi, akafunua turubai juu ya Datsuni, akaketi kwenye kiti cha dereva na kuwasha. Hakuwa na pa kwenda. Hata kuendesha hakujua. Siku mumewe Muzafaru alipopanda lori la ndizi kwenda Kampala, alimwambia tu kwamba gari lisilowashwa hufa, basi aliwashe kila siku mpaka atakaporudi.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na mbili. Sasa ulikuwa wa themanini na saba. Vita vilikuwa vimekwisha, na wengi waliopotea walikuwa wamesharudi Mbarara, wengine wamekonda, wengine na wake wapya. Muzafaru hakuwamo. Hakuonekana yeye, wala lori, wala mtu aliyeliona lori.

Ndani ya nyumba, mama mkwe wake, Hajati Safiyah, alikuwa akisikiliza. Injini ikishika, Zainah humsikia akisema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyepokea barua. Dakika kumi injini hunguruma, kisha huzimwa, ndipo chai humiminwa.

Asubuhi hiyo dakika kumi hazikutimia. Mtu aligonga kioo. Alikuwa Swaib, fundi wa magari, rafiki wa Muzafaru tangu utotoni, na nyuma yake alisimama mwanamume mrefu aliyeshika kofia kwa mikono miwili kama aliyekuja kutoa pole. Zainah akazima gari.

Swaib alianza na mvua iliyochelewa, akaja kwenye miguu ya Hajati, akarudi kwenye mvua. Zainah alimjua. Akizunguka hivyo, ana neno zito. Mwishowe akamtambulisha mgeni: ni Jovan, dereva wa zahanati iliyoko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Gari la zahanati ni Datsuni kama hii hii, na limelala wiki tatu.

Kosa lilikuwa la Jovan mwenyewe, wala hakulificha.

"Nyabo, mama, mimi naendesha Landrova miaka ishirini, tangu jeshini. Landrova kwenye chujio ya hewa iko na bakuli ya oili, inakamata vumbi. Nikafungua hii ya zahanati, nakuta kavu. Nikaionea huruma. Nikaitia oili."

"Nusu lita," Swaib alisema. "Huruma ya nusu lita."

Zainah alicheka bila kutaka. Swaib akamweleza yaliyofuata. Oili ilivutwa hadi kwenye kipima hewa, kisanduku chenye kibao kidogo ndani kinachosukumwa na hewa, na hivyo injini hujua imwagiwe petroli kiasi gani. Oili ikachanganyika na vumbi la barabara ya Nakivale, ikawa gundi. Kibao kikaganda. Jovan akakibandua kwa bisibisi mpaka kikapinda. Swaib alikuwa ametafuta kingine Mbarara nzima na kuagiza watu Kampala, hakipatikani.

Jovan akasema polepole kwamba Ijumaa iliyopita mama mmoja wa Kabazana, kitongoji cha makazi hayo, alibebwa kwa machela ya miti, akajifungulia kando ya barabara wakisubiri lori la maziwa lipite. Mtoto ni mzima. Mama bado amelazwa. Kisha akainama kuitazama kofia yake.

Hakuna aliyesema tupe. Hawakuwa na haja ya kusema, kwa maana wote watatu walikuwa wakitazama boneti ileile. Zainah alijua kwamba kipima hewa kikitoka, Datsuni haitashika tena, na asubuhi yake itabaki bila kazi. Alikaa na ufunguo kiganjani hadi chuma kikapata joto.

"Shemeji, lete bisibisi yako," alisema. "Lakini nitakibeba mwenyewe."

Zainah alimwambia Hajati kwamba anakwenda sokoni Masha kununua maharage.

Masha walipita bila kusimama. Zainah aliketi katikati, kwenye pikapu ya Swaib, kisanduku kimefungwa kwa leso na kuwekwa mapajani. Wanaume wakibishana kuhusu Landrova, yeye alipenyeza kidole ndani ya leso, akakisukuma kile kibao. Kilifunguka kwa wepesi, na alipoachia, kikarudi chenyewe mahali pake. Akakisukuma tena. Kikarudi. Alifanya hivyo njia nzima, kama anayevuta uradi.

Zahanatini Swaib alisafisha mabomba kwa petroli, akayakausha, akaweka chujio jipya. Jovan aliponyoosha mkono kusaidia, aliambiwa ashike kofia yake. Zainah alifungua leso, akakitoa kisanduku kwa mikono miwili. Swaib akakifunga, akachomeka waya, akaingia kuwasha.

Injini ilikohoa mara mbili, ikashika.

Zainah aliujua mngurumo ule kuliko anavyoijua sauti yake mwenyewe. Muuguzi alikuwa tayari anapanguza kiti cha nyuma, na akina mama waliokaa kwenye benchi wakisogeza matumbo yao wapate kuona. Zainah alisimama akisubiri. Ilimchukua muda kutambua anachosubiri: mtu aseme alhamdulillahi. Hapakuwa na wa kusema. Akaenda nyuma ya jengo, akajifanya anafunga leso upya, akaifunga muda mrefu.

Waliporudi walinunua maharage Masha, ili uongo uwe na mzigo.

Kesho yake aliswali, akachukua ufunguo, akafunua turubai, akaketi. Hakuzungusha ufunguo. Alishika usukani pale ambapo ngozi yake ililika kwa mikono ya Muzafaru, akasikiliza birika likichemka jikoni na kuachwa lichemke. Baadaye akasikia mkongojo. Hajati, ambaye kwa mwezi mzima hakuwa amevuka kizingiti, alikuwa anakuja uani, hatua baada ya hatua, mpaka akaegemea mlango wa gari.

"Leo limekataa?" aliuliza.

Ilikuwa rahisi kuitikia. Gari la zamani. Magari ya zamani hukataa. Zainah alifungua kinywa aseme hivyo, akaona vidole vya mama mkwe wake vikikishika kioo.

"Halikukataa, mama. Nimekitoa kipima hewa chake, kiko Nakivale, kinawapeleka wajawazito hospitali. Mimi kila siku nasema, Muzafaru akirudi. Namtaka, mama. Kila asubuhi nikikaa hapa namtaka. Lakini siamini tena kwamba atarudi."