Paa la Wifi Yangu Oshurmo

Wifi yangu Oshurmo ni hodari wa kulia msibani. Siku tulipomzika mume wangu, kaka yake wa pekee, alilia mpaka wanawake wa kijiji jirani wakaja kumshika mabega. Arobaini ilipopita, alisimama chini ya mforosadi wangu, akapigapiga shina kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mti huu aliupanda baba yangu."

"Akampa mwanawe," nikamjibu. "Na mwanawe ametuachia mimi na Savsan."

"Haya. Tutaona utauvuna na nani."

Mforosadi hauvunwi na mtu mmoja. Mmoja hupanda na kutikisa matawi, wenzake hushika shuka chini na kulivuta huku na huku, lifuate tunda linakoangukia. Na sheria yetu ni ya zamani kuliko nyumba zetu: kilichoanguka kwenye shuka ni cha mwenye mti, kilichogusa udongo ni cha atakayeinama kukiokota. Wanaume wetu wengi wako Urusi wanawajengea watu maghorofa, kwa hiyo mashuka tunayashika wanawake, leo kwangu, kesho kwako. Ya wenzangu nimeyashika tangu nilipoolewa, hata nikiwa na mimba.

Mwaka ule hakuja mtu kushika langu. Oshurmo alipita nyumba kwa nyumba akisema kwamba mkono wa mjane ukigusa shuka, forosadi huingia funza. Sidhani kama kuna aliyeamini. Ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoamini. Binti yangu Savsan akapanda, akatikisa, nami nikashika ncha mbili za shuka na nyingine mbili nikazibana kwa mawe. Tulipata kapu moja. Zilizobaki zilikwenda udongoni, na wifi yangu akaja na binti zake na makapu yao, wakainama. Baridi ilipoingia, mimi na mwanangu tulikula mkate mwembamba kama karatasi. Wajukuu zake walipita mlangoni kwangu mifuko imejaa, wanatafuna forosadi kavu za mti wangu, na yeye alizisaga unga akaoka mikate mitamu nikaisikia harufu yake mpaka kitandani.

Sikumlaani. Kulaani ni dhambi. Nilimtaja tu kwa Mola kila alfajiri, jina lake na jina la mama yake, asije akachanganywa na Oshurmo wa kijiji kingine.

Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Forosadi za kwanza ziliiva, watu hawakuja, wifi akainama. Safari hii alikuwa na haraka, maana mwanawe alikuwa anaposa binti wa watu wa mjini, na wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja. Kuwapokea wakwe majira hayo bila bakuli la forosadi kavu za mwaka huo ni kama kuwapokea bila chai. Alizianika paa zima, maana mapaa yetu ni bapa kama uwanja.

"Wifi!" alinipigia kelele kutoka juu, watu wanasikia. "Njoo uonje! Usije ukasahau ladha ya mti wako!"

"Acha zikauke kwanza, wifi," nikasema. "Mbichi zinaumiza tumbo."

Nyumba yangu ndiyo ya juu kuliko zote, imeegemea mwamba. Kutoka uani kwangu wingu linaonekana likivuka mlima kabla kijiji hakijajua lolote. Ndiyo maana kazi ya kuita watu mvua inapokuja ni ya nyumba yetu. Mama mkwe wangu aliita, nami nikaita baada yake. Forosadi iliyokaribia kukauka ikinyeshewa haifai tena, inachacha na kuwa uji. Kwa hiyo anayeona wingu hupaza sauti, na kila mtu hukimbilia paa lake kukunja mashuka. Huitwa hata mtu mliyenuniana naye.

Siku ya wakwe, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nageuza forosadi kwenye sinia langu dogo. Nikainua macho. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima, jeusi kama sufuria ya shughulini.

"Mama, wingu! Ita!" Savsan akasema.

"Nimeliona."

"Sasa si uite?"

"Sauti leo haipo, mwanangu. Miguu ninayo. Twende."

Tulianza kwa Bibi Zarafo, jirani yangu. Nikamnong'oneza mlangoni.

"Mbona unanong'ona kama mwizi wa kuku?" akauliza.

"Kwa wifi kuna wageni, Bibi. Nisiwapigie kelele."

Akanitazama. Akatazama mlima, kisha paa la Oshurmo. Akacheka kwa jino lake moja.

"Kweli kabisa. Mgeni apewe utulivu wake. Savsan, mjukuu wangu, nishikie ngazi."

Tukaenda nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyepaza sauti. Wanawake walioogopa kushika shuka langu waliyakunja yao polepole, kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala. Mlango wa Oshurmo niliupita. Nilimsikia ndani akiwaambia wageni, "Mwaka huu Mungu ametufungulia. Mtajionea wenyewe." Nikasema amina, nikaendelea na njia yangu.

Mvua ilipiga mara moja, kwa ukali. Nyumba zetu zina dirisha moja tu, katikati ya paa. Maji yalizikusanya forosadi zote na kuzisukuma huko. Walipowahi kupanda na kuliziba, uji wa kahawia ulikuwa umeshamwagika sebuleni, na kofia ya baba wa binti ilikuwa imepata fungu lake.

Oshurmo alinifuata kwangu, ameloa chapachapa.

"Uliliona wingu!"

"Nililiona."

"Na hukuita!"

"Niliita. Waulize wenzako."

"Mimi hukuniita!"

"Wewe ulisema mkono wa mjane unaleta funza. Nikajiuliza, na mdomo wake je? Nikaogopa kukuharibia shughuli."

Bibi Zarafo alikuwa ameegemea ukuta wa ua, anasikiliza. "Oshurmo, kamfulie mgeni kofia. Nyuki watamsindikiza mpaka mjini."

"Mungu anakuona!" Oshurmo akaniambia.

"Namtegemea yeye huyohuyo."

Asubuhi jua lilitoka. Mti wangu ulikuwa bado umebeba nyingi, zimeiva, zikikaa zaidi zinaanguka zenyewe. Bibi Zarafo alikuja wa kwanza na shuka lake mwenyewe. Kisha wakaja wengine, mmoja mmoja, wakizungumzia mambo ya ng'ombe. Sidhani kama ni mapenzi yaliyowaleta. Walikuwa wameona kwamba jicho linaloona wingu ni langu, na kwamba miguu yangu huchagua milango. Inanitosha. Savsan akapanda akatikisa, na mashuka yalivyokuwa mengi, yalifika ukuta hadi ukuta. Binti za Oshurmo walisimama na makapu yao, kisha wakarudi kwao.

Zilikauka vizuri, juu ya paa langu, ngumu kwa nje na laini kwa ndani. Nilizijaza kwenye vyungu, nyingine nikazitenga za kusaga. Ndipo tukasikia kwamba wakwe wanarudi kutoa neno la mwisho. Oshurmo hakuja mwenyewe. Alimtuma binti yake mdogo.

"Mama anaomba bakuli moja tu, mkaza mjomba. Za wageni."

"Usimpe!" Savsan akasema.

"Mgeni hanyimwi," nikamwambia. Kisha nikamgeukia yule binti. "Mwambie mama asihangaike. Nitaleta mwenyewe."

Nilichagua zilizo nzuri, nikavaa kilemba safi. Nilisubiri mpaka wakwe walipokwisha kukaa na chai kumiminwa, ndipo nikaingia. Niliwasalimu wakubwa kwanza.

"Wifi aliniomba forosadi za kuwakaribishia," nikasema. "Zake zilipata mvua, mnajua. Hizi ni za mti wangu, alioniachia marehemu."

Nikamwekea Oshurmo bakuli mikononi. Baba wa binti alichukua chache, akatafuna taratibu.

"Za mti wako, mama?"

"Za mti wangu."

Nikamtazama wifi yangu, nikampa nafasi ya kusema vingine. Alishika bakuli kwa mikono miwili.

"Asante, wifi," akaliambia bakuli.

"Umesemaje, wifi? Tangu mvua ile masikio yangu yameziba."

Wageni wote wakamgeukia.

"Asante," akasema, safari hii kwa sauti, "kwa forosadi za mti wako."

Nikaketi karibu na mama wa binti, nikaomba chai.