Siku Mzee Mkavu Alipochota Maji

Jina la Mzee Mkavu lilianza kama utani, na aliyelianzisha alikuwa mke wake mwenyewe. Mzee alikuwa fundi wa kusafisha mazulia ya katani, na kwa fundi wa katani maji ni adui wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ukiyamwaga juu ya nyuzi zile zinanywea, pembe zinajikunja, na ile rangi ya kahawia iliyolala ndani ya uzi inaamka na kupanda juu kama chai iliyokolea. Hakuna sabuni itakayoirudisha ilikotoka. Kwa hiyo mzee alisafisha kikavu. Alilikung'uta zulia likiwa limelala kifudifudi, akanyunyiza unga wa magadi, akauacha unywe uchafu, kisha akaupiga brashi kufuata msuko. Pakimwagika kitu alikandamiza kwa kitambaa cheupe cha pamba, wala hakusugua. Hata chai yake aliinywea nje, amesimama, kikombe amekishika kwa mikono miwili utadhani amebeba mtoto mchanga wa watu.

Basi fundi huyohuyo, miaka ishirini na tisa iliyopita, alisimama mbele ya mkewe akasema amemwaga ndoo ya maji juu ya zulia. Afadhali lingekuwa la mteja. Lilikuwa zulia la sebuleni, lenye pindo jeusi, ambalo mama yule alilisuka kwa mikono yake kwa miezi saba. Mama alikuwa mkali kama pilipili. Siku tatu hakumsemesha mumewe hata salamu. Siku ya nne akacheka, na alipoanza kucheka hakuacha tena. Kila mteja aliyeingia alisimuliwa habari za "mume wangu mkavu", fundi anayewakataza watu maji kisha anaogesha la kwake. Jina likaganda. Waliokuja baadaye wakadhani ni sifa.

Ukweli ni kwamba ndoo ile ilimwagwa na binti yao. Alikuwa na miaka tisa, alikuwa ameangusha uji juu ya zulia, akajitia fundi. Baba yake alimkuta amekaa katikati ya dimbwi, analia kwa kwikwi.

"Nyamaza, Kiroboto," alimwambia. "Mama yako tutamwambia ni mimi."

Kiroboto ndilo jina alilompa kwa kurukaruka kwake juu ya mazulia. Ni jina baya kulitaja mbele ya mtu aliyekuletea zulia lake, na mzee alilitaja mbele ya wote. Siri ile wakaishi nayo wawili. Mzee alihangaika na zulia majuma manne mpaka lile doa likabaki kwenye pembe moja tu, wakalifichia chini ya kochi. Mama alifariki miaka sita iliyopita bila kujua, na jambo hilo lilimkaa binti rohoni kuliko alivyopenda kukiri.

Sasa Kiroboto alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minane, naye fundi, na wateja wengi walimwita yeye majumbani kwao huku mzee akibaki karakanani. Karakana ilikuwa mbele, vyumba viwili nyuma, kiua kidogo chenye bomba pembeni. Waliishi hivyo wawili, wakitaniana asubuhi na kununiana jioni, mpaka mzee alipoanza kusahau.

Alianza na majina ya wateja, na hapo hakuna aliyeshtuka, maana nani hasahau majina ya wateja. Zikafuata siku za juma. Halafu asubuhi moja akauliza mke wake ameenda wapi tangu jana. Binti alimweleza kwa upole kwamba mama alishafariki, na mzee akaipokea habari ile ikiwa mpya kabisa. Alilia kama alivyolia siku ya mazishi. Wiki iliyofuata aliuliza tena, akaambiwa tena, akalia tena. Jirani muuza mboga alimshauri binti adanganye tu, aseme mama ametoka kidogo. Binti alikataa. Uongo mmoja kwa mama yake ulishamtosha maisha yote, na alijiapiza kwamba hatamdanganya baba yake.

Lakini mikono ya mzee haikusahau. Hilo ndilo lililompa binti nguvu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliweka mezani kipande cha katani, akakidondoshea chai, akatazama. Mzee aliweza kuwa hajui kama ni Jumatatu au Ijumaa, lakini mkono wake uliondoka wenyewe ukafuata kitambaa cheupe. Alikandamiza, akakigeuza kitambaa upande mkavu, akakandamiza tena. Binti alishusha pumzi akaenda zake. Madhali anakumbuka kitambaa, alijiambia, baba bado yupo.

Kaka yake hakuridhika na habari za vitambaa. Aliishi mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa gari, na mkewe alishinda nyumbani mchana kutwa, kwa hiyo mzee asingebaki peke yake. Alitaka baba ahamie kwake na karakana ifungwe. Binti alimjibu kwenye simu kwamba baba ni mzima, kwamba watu wanatia chumvi, kwamba juzi tu alisafisha zulia kubwa la ofisi peke yake. Hakutaja kwamba juzi hiyohiyo mzee alitoka na shati ndani nje na kurudishwa na muuza mboga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na binti aliijua methali hiyo vizuri sana, akaendelea kuficha. Mwishowe walikubaliana: kaka atakuja Jumamosi ajionee. Akimkuta baba anafanya kazi yake sawasawa, hatalizungumza tena suala la kuhama.

Jumamosi hiyo binti alimnyoa mzee ndevu, akamvalisha shati lililopigwa pasi. Alimtandikia zulia dogo lenye vumbi la wastani, akampangia brashi, magadi na kitambaa, na mashine ya kufyonza vumbi akaiwasha kabisa ili kaka aikute inanguruma. Alifanya hila zote za mwanafunzi anayemsaidia mwenzake kwenye mtihani. Kisha akaenda kumpokea kaka pale barabara kubwa. Hakukaa hata dakika kumi na tano.

Waliporudi, waliona maji yanatoka chini ya mlango wa karakana.

Mzee alikuwa amepiga magoti sakafuni, suruali imelowa mpaka mapajani. Zulia dogo alilisukumia ukutani. Alikuwa amekwenda sebuleni, akasogeza kochi, akalivuta zulia la mkewe mpaka karakanani, na sasa alikuwa akilisugua kwa sabuni ya kufulia na ndoo mbili za maji. Ya tatu ilikuwa imelala ubavuni. Waya wa mashine ulipita katikati ya dimbwi, na mashine bado inanguruma.

Kaka aliruka akachomoa waya ukutani. Mzee aliinua uso, anatabasamu, jasho linamtiririka.

"Mama yenu anarudi leo," alisema. "Nataka alikute safi."

Binti hakukumbuka baadaye nani alimwinua mzee na nani alimbadilisha nguo. Alikumbuka tu kwamba aliliangalia zulia, nyuzi zimekunywa maji mpaka zimevimba, akaona aibu ya ajabu, kana kwamba mama yake amesimama mlangoni anaona. Kaka hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alisema tu kwamba umeme ule ungewaua wote watatu, na binti alijua kwamba aliyewasha mashine na kumwacha mzee peke yake alikuwa yeye.

Walilitundika zulia kiuani juu ya mbao mbili. Jumapili mzee aliambiwa atakwenda kukaa kwa mwanawe, akakataa. Jumatatu akaambiwa tena, akaushika mwimo wa mlango wa karakana kwa mikono yote miwili, na mikono ile ilikuwa na nguvu za miaka hamsini ya kukung'uta mazulia. Kaka alijaribu kuibandua taratibu, kidole kimoja kimoja. Mzee alimtazama kwa hofu akamuuliza yeye ni nani. Kaka aliiacha ile mikono, akaenda kujifungia chooni, na binti alisikia bomba likitiririka kwa muda mrefu.

Usiku wa kuamkia Jumanne walikubaliana, kwa maneno machache, kwamba asubuhi wataondoka naye, akitaka asitake. Binti ndiye aliyefunga begi. Alitia mashati, dawa, na brashi moja ya zamani yenye mpini uliolika.

Asubuhi gari lilikuwa mlangoni. Mzee alitoka kiuani mwenyewe, akalikuta zulia. Lilikuwa limekauka. Pembe zimejikunja, pindo jeusi limevutika na kufanya mawimbi, na ile kahawia imepanda kote, si pembeni tu kama zamani. Mzee alilisogelea. Aliishika pembe kati ya vidole viwili, akaikunja kidogo, akasikiliza nyuzi zinavyolia. Akanusa. Mabega yake yakanyooka.

"Nani ametia maji hapa?"

Sauti ilikuwa yake yenyewe, ile ya kukemea vijana aliowafundisha kazi. Miezi mingi binti alikuwa hajaisikia. Kaka alifungua mdomo, na binti akamuwahi.

"Ni mimi, baba."

"Wewe?" Mzee aligeuka. "Nimekufundisha mara ngapi? Katani haiogeshwi. Inakung'utwa. Tazama, limelala na unyevu siku mbili tatu, rangi imeshapanda yote. Hapa hata mimi sina ujanja."

Aliendelea. Alieleza magadi, alieleza brashi na mwelekeo wa msuko, alieleza kwa nini unajaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana, na hakukosea hata neno moja. Binti alisimama akipokea karipio lile huku machozi yanamtoka. Alitamani baba yake asinyamaze, amkemee mpaka jioni, mpaka kaka achoke kusubiri aende zake.

Mzee aliyaona machozi, akanyamaza. Aliingiza mkono mfukoni akatoa kitambaa cheupe. Alikiweka chini ya jicho la binti yake akakandamiza, akakigeuza upande mkavu, akakandamiza jicho la pili. Hakusugua.

"Nyamaza, Kiroboto," alisema. "Mama yako tutamwambia ni mimi."

Kaka hakuwahi kuisikia siri ile, na alimtazama dada yake asielewe. Binti hakuweza kumweleza. Alikuwa tena na miaka tisa, amelowa, ameokolewa.

"Yuko wapi?" mzee aliuliza, akichungulia ndani. "Niitie nimwambie sasa hivi, kabla hajaliona mwenyewe."

Mara zote binti alikuwa amemjibu kweli. Aliuangalia mwimo wa mlango, akaiangalia mikono ya baba yake, akamwangalia kaka aliyesimama na begi akiwa amekunja mikono ya shati kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Alipiga moyo konde.

"Yuko kwa kaka," alisema. "Ametangulia tangu Jumamosi. Anakusubiri huko."

Mzee aliifikiria habari hiyo. Haikumliza. Aliitikia kwa kichwa, kwa busara, kama mtu aliyetajiwa bei ya haki.

"Basi tusichelewe. Akiambiwa na watu itakuwa vibaya zaidi."

Alipita mlangoni bila kuushika. Alipita kwenye meza, kwenye pipa la magadi, kwenye mazulia ya watu yaliyokunjwa na kufungwa kamba, wala hakuyatupia jicho, maana alikuwa na haraka ya kwenda kumwokoa mtoto wake. Aliingia garini mwenyewe, kiti cha mbele, akajifunga mkanda. Kaka aliwasha gari kichwa kimeinama.

Binti alisimama kwenye dirisha. Neno lilimjaa kooni: shuka baba, mama alishafariki, maji ulimwaga wewe, na ile mara ya kwanza nilimwaga mimi. Angelisema, mzee angeshuka, angelia upya, angeushika mlango tena. Alilimeza.

"Usilie," mzee alimwambia, akimpapasa mkono. "Mimi nimeshazoea kuchekwa. Atanuna siku tatu, ya nne atacheka."

Gari likaondoka taratibu. Lilipokuwa linakata kona, binti aliiona mikono ya mzee kupitia kioo cha nyuma, imeinuka juu ya kiti. Alikuwa anamwonyesha kaka jinsi ndoo ilivyomponyoka.