Kadi Imesema Zebaki

"Jibu si sahihi," alisema katibu wa hospitali, akailaza kadi kifudifudi juu ya meza kama mtu afunikaye chungu asije mwingine akachungulia.

Mpiga pasi hakuketi. Ukumbi wa chakula ulikuwa umejaa wauguzi, madereva na wahudumu wa wodi, na macho yote yalikuwa yakimtazama yeye. Hilo halikumtisha. Miaka kumi na minne alikuwa amesimama mbele ya meza ya pasi katika chumba cha dobi. Kusimama hakukuwa kazi ngeni kwake.

"Naomba urudie swali, Bwana Katibu."

"Sayari ipi iko karibu zaidi na jua? Umejibu Utaridi. Kadi imesema Zebaki."

"Utaridi ndiyo hiyo Zebaki. Sayari ni moja, majina ni mawili."

"Kadi ina jina moja, mama."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, kwa kuwa chemshabongo hiyo kwake haikuwa mchezo. Mganga mkuu alikuwa ametangaza, kwa karatasi yenye mhuri, kwamba mtumishi atakayeshinda atapelekwa chuoni mwaka mzima kusomea kazi ya maabara. Nafasi ilikuwa moja tu. Mara mbili mpiga pasi alikuwa ameiomba nafasi kama hiyo kwa barua, na mara zote mbili alijibiwa kwamba chumba cha dobi kingeyumba bila yeye. Ilikuwa sifa ya kumfungia mtu mlango. Safari hii mlango uliachwa wazi kwa yeyote mwenye kichwa, naye kichwa alikuwa nacho. Wenzake hawakumwita Maktaba kwa mzaha.

Mwaka ilipokwisha vita kuu ya kwanza alikuwa ameutaja. Wachezaji wa netiboli, mifupa ya mtu mzima, picha zinazopita kwa sekunde moja katika filamu ya sinema, vyote alivijibu bila kumeza mate. Maswali tisa, majibu tisa. Mpinzani wake, mtoa dawa, naye alikuwa na tisa. Lililobaki lilikuwa swali la kumi la kila mmoja, na la mpiga pasi lilikuwa limefunikwa pale mezani.

"Maktaba, usikubali!" alipaza sauti mfuaji mwenzake kutoka nyuma. "Wafue, kisha uwaanike!"

"Ile kamusi ya ofisini iletwe," alisema mpiga pasi. "Ifunguliwe hapa, mbele ya watu wote."

"Kamusi haishiriki mashindano," alijibu katibu, akafurahia kicheko alichokipata. "Tuendelee. Swali la mwisho, kwa ndugu yetu wa dirisha la dawa. Metali ipi huwa kimiminika katika joto la kawaida la chumba?"

Mtoa dawa alijikohoza. "Zebaki."

"Sahihi!"

Makofi yalilipuka, lakini mpiga pasi aliinua mkono na ukumbi ukanyamaza, kwa maana hakuna aliyewahi kumwona na uso ule.

"Bwana Katibu, Zebaki ya swali langu inazunguka jua. Zebaki ya swali lake iko ndani ya kipimajoto. Kama neno moja linaweza kubeba vitu viwili, kwa nini kitu kimoja kisibebe maneno mawili?"

Katibu alizitazama kadi zake. "Sawa," alisema mwishowe. "Tumuulize mshindani mwenzako. Wewe umewahi kusikia hilo jina, Utaridi?"

Mpiga pasi alipumua. Kwa miezi mitatu, kila mapumziko ya mchana, mtoa dawa alikuwa amejifunza kando ya meza yake ya pasi, akimwita Shangazi ingawa hawakuwa na undugu. Mpiga pasi ndiye aliyemfundisha sayari. Walikunja mashuka wawili wawili, kila mmoja ameshika pindo lake, huku yule akihesabu kwa sauti: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi.

Mtoa dawa aliyatazama matundu ya kamba za viatu vyake.

"Sijawahi," alisema.

Hasira ya mpiga pasi, ambayo mpaka hapo ilikuwa juu ya kadi, ilihama. Hakupiga kelele. Alivuka ukumbi wakati mganga mkuu akimpongeza mshindi, akaupita mkono wa mtoa dawa ulionyooshwa kwake kana kwamba ni msumari uliotokeza ukutani, akarudi kazini.

Wiki moja baadaye mtoa dawa alifika chumba cha dobi na koti jeupe jipya mkononi. Alisimama mlangoni.

"Shangazi, nisikilize. Ningesema ninalijua, nafasi ingeondoka. Nina watoto watatu."

"Mimi nina wanne. Hukuniuliza."

"Chuo kinafunguliwa kesho. Nilifikiri labda... ukinipigia pasi hili koti, nitajua umenisamehe."

"Nenda kwa katibu, umwambie Utaridi ni nini. Ofisi yake iko wazi mpaka saa kumi."

Mtoa dawa alilihamisha koti kutoka mkono huu hadi mkono ule. "Hilo siwezi, Shangazi."

"Basi hilo jina liache hapo mlangoni. Mtu hamziki shangazi yake mbele ya watu mchana kweupe. Mimi kwako ni mpiga pasi, kama nilivyo kwa wodi zote."

Mtoa dawa alilinyoosha koti mbele. "Haya, mama... mpiga pasi. Koti je?"

Mpiga pasi hakuinua macho kutoka kwenye shuka alilokuwa akilinyoosha. Alielekeza kidole kwenye tangazo la ukutani, aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Makoti yanapokelewa Alhamisi. Leo ni Jumanne."