Kisweta cha Ruta

Mimi nina hasira, sikatai. Wauza mbao wenzangu pale jirani na reli wananiita Mama Moto, na jina langu la ubatizo hata hawalijui. Wakiniona nashuka kwenye bodaboda nimekunja mikono ya koti, wanaacha utani na kuanza kupanga mbao. Lakini Julai ile hasira yangu ilimwangukia mtu asiye na kosa hata kidogo, tena mtu aliyenitendea wema ambao sijui nitamlipa vipi. Kushukuru kimoyomoyo hakunitoshi, ndiyo maana nasimulia.

Hapa Makambako naishi na mama mkwe wangu, Bibi Lidia. Mume wangu Nahumu alipofariki, miaka sita sasa, nilimfuata mama yake kule Matamba nikamleta kwangu, maana alikuwa amebaki peke yake na kuku wanne. Binti yangu Erica ni nesi, yuko Ujerumani na mumewe Patrick. Aprili alijifungua mtoto wa kike, na ubatizo ukapangwa Jumapili ya mwisho ya Julai.

Sasa kwetu mtoto hapewi jina hivihivi. Mkubwa wa familia ndiye analitamka, kwa mdomo wake mwenyewe, mtoto akiwepo. Kabla ya hapo hakuna anayelijua, hata mama mzazi. Wazazi wa Patrick walishafariki, kwa hiyo kazi ikabaki kwa Bibi Lidia, na yeye ana miaka themanini na saba, magoti hayamfikishi hata sokoni, seuze Ulaya. Miezi mitatu mtoto wetu akawa anaitwa Mgeni. Erica akamweleza mchungaji wa kule, naye, Mungu ambariki mzungu yule, akakubali simu iwekwe karibu na maji ya ubatizo, Bibi atamke jina akiwa Makambako, ndipo mtoto abatizwe.

Mimi na haraka zangu nikamwambia, "Mama, si nikurekodi tu, nimtumie Erica?"

Akanitazama kwa lile jicho lake la kushoto, maana la kulia lilishafunga utando. "Mama Erica, kwani jina ni bei ya viazi, la kutumiana kwenye simu? Mtoto anisikie mimi, na mimi nimwone akisikia. Nikishalitamka, Mungu akiniita leo au kesho, nitakwenda nimemaliza kazi yangu."

Basi. Nikaachana na habari ya kurekodi.

Kwa ajili ya jina hilo Erica alikuwa ametununulia ruta, kile kiboksi cheupe chenye antena mbili, ili tuonane naye bila kukwamakwama. Fundi mmoja aitwaye Haruni alikuja kutoka Njombe mjini kutufungia. Ni kijana wa Tanga, mpole, amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Akaiweka juu ya kabati la vyombo sebuleni, akabonyeza bonyeza, na Erica akatokea kwenye simu yangu kama yuko chumba cha pili. Mei nzima tulimwona mtoto akipiga miayo, akilia, akioga. Bibi alikuwa anavaa gauni la kanisani kabla ya kila simu.

Juni ikaingia na baridi yake, na balaa likaanza.

Mnaongea vizuri tu, dakika kumi hivi, mara picha inaganda. Erica amefumbua mdomo, mtoto mkono juu, halafu kile kiduara kinaanza kuzunguka. Kinazunguka, kinazunguka, mwisho giza. Ukisubiri nusu saa inarudi, mnaanza tena, dakika kumi, imekufa. Nilizima nikawasha. Nilichomoa laini nikaipuliza nikairudisha. Niliibeba ruta mpaka dirishani, Bibi ananifuata na waya nyuma kama tunashika mkia wa ng'ombe. Wapi! Nilipiga huduma kwa wateja, wakanipigia muziki mpaka nikaujua, halafu sauti ya kibinti ikaniuliza, "Mama, umejaribu kuzima na kuwasha?" Jamani! Nilimpa vidonge vyake mpaka bodaboda aliyekuwa anapita nje akasimama kusikiliza.

Nikampigia Haruni. Akasema atakuja kesho yake. Akaja, akapima, akampigia Erica pale pale, wakaongea nusu saa nzima bila kukatika.

"Mama, mbona iko vizuri?" akaniuliza.

Nikaona aibu, nikampa chai na viazi vya kuchemsha, akaondoka. Jioni hiyo hiyo tukampigia Erica. Dakika kumi, imekufa.

Wiki iliyofuata nikamwita tena, akatoa taarifa, akaja, akapima. Iko vizuri! Akarudi Njombe. Ikafa. Nikaanza kuamini kwamba kijana huyu ananichezea, kwamba anafungua kitu akifika na kukifunga akiondoka ili nimwite tena. Hasira ikishakupanda kichwani, unaona njama hata kwenye uji.

Zikabaki siku saba. Jumapili ile tukafanya mazoezi na mchungaji mwenyewe. Akamsalimia Bibi kwa Kiswahili alichofundishwa na Erica, "Shikamoo Bibi," na Bibi akacheka kama msichana. Erica akamsogeza mtoto. Bibi akakohoa, akajiweka sawa, akasema, "Siku yenyewe nitaanza hivi, Kitukuu changu..." Picha ikaganda.

Bibi hakulalamika. Akavua kilemba chake cha kanisani, akakikunja taratibu, akasema, "Labda Mungu hataki, Mama Erica. Tusimlazimishe."

Heri angenitukana. Machozi yalimtoka jicho lile moja linaloona, na mimi moyo ukanichanika. Nikatoka uani nikampigia Haruni, na niliyomwambia siwezi kuyarudia hapa, watu wa kanisani watasoma. Nilimwita tapeli. Nilimwita mtu asiye na mama. Yeye akasema tu, "Nimekusikia, Mama." Nikamkatia.

Jumamosi asubuhi, kesho ndiyo ubatizo, niko jikoni namenya viazi, nikasikia hodi. Haruni! Hakuwa amesema kama anakuja. Baada ya matusi yale angethubutuje kunipigia simu? Amepanda basi alfajiri kwa nauli yake, midomo imempauka kwa baridi.

"Nimeona nije nikae nayo mpaka nijue inaumwa nini," akasema.

Nikamkaribisha sebuleni, na Bibi akashtuka, akaanza kuhangaika kuinuka. "Mgeni! Hukuniambia kuna mgeni! Nyumba iko hivi!" Akanyoosha mkono kwenye kabati la vyombo.

Haruni akasimama katikati ya sebule. "Bibi, hicho ni nini?"

Mimi nikaangalia alipokuwa anaangalia, na nikaona nilichokuwa nakiona kila siku. Ruta yetu ilikuwa imevaa sweta. Kisweta cha kijani cha kufuma, kimefungwa vifungo mpaka shingoni, antena zimetokezea kwenye matundu mawili ya mikono. Na chini yake, mbele ya kabati, jiko la mkaa linawaka.

Ngoja nieleze, msinicheke mapema. Mwanzoni mwa Juni simu yangu ilikuwa inazima ovyo, na fundi simu mmoja wa sokoni akaniambia baridi ya huku inakula betri. Nikarudi nyumbani nalitangaza kwa sauti, kama kawaida yangu, "Baridi hii inaua mpaka vifaa!" Bibi akanisikia. Huyu ni mtu wa Matamba, kule umande unaganda kwenye majani. Kwake kitu kisichofunikwa ni kitu kilichotelekezwa. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, jagi lina kitambaa. Kesho yake nikakuta ruta ina sweta, na kila baridi ikizidi, au tukitaka kumpigia Erica, Bibi anasogeza jiko karibu. Mimi nilikisifia. Nilisema, "Mama, umekipendezesha." Baada ya hapo macho yakazoea, nikawa sikioni tena.

Na fundi je, mbona hakukiona? Mgeni akitoa taarifa, nyumba inapangwa. Jiko linarudi jikoni, sakafu inapigwa deki, na ruta inavuliwa, maana Bibi hawezi kumwonyesha mgeni kitu kilichovaa nguo ya nyumbani. Kila Haruni alipokuja aliikuta imepoa, nadhifu, mzima wa afya. Akishaondoka tu, inavishwa.

Haruni akaingiza kidole chini ya kisweta, akakitoa haraka. "Mama, hiki kitu kinachemka! Chenyewe kikifanya kazi kinatoa joto, kinataka upepo. Kikizidiwa kinajizima." Halafu akaanza kucheka, mikono magotini. "Kwetu Tanga tungekipepea kwa ungo! Ninyi mmekivisha!"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Karibu miezi miwili! Matusi yote yale! Nikamgeukia Bibi. Alikuwa ameshakivua kile kisweta, amekishika kifuani kwa mikono miwili.

"Ni mimi," akasema. "Kumbe ni mimi. Mama Erica, hicho ndicho kinachoniletea sura ya mtoto. Ningekiachaje na baridi?"

Nikautazama ule uzi. Kijani iliyopauka, nikaijua pale pale. Ilikuwa sweta nzito ya Nahumu, ile aliyokuwa anavaa akienda shambani Kitandililo. Bibi alikuwa ameifumua.

Nikafunga mdomo. Nawaambia ukweli, sijui lini mara ya mwisho nilifunga mdomo wangu ukiwa umeshafunguka. Nikakaa chini karibu yake nikasema, "Si wewe, Mama. Baridi inaua vifaa, ni mimi niliyesema." Halafu nikamgeukia Haruni, na hili lilikuwa gumu kuliko kupakia lori la mbao, nikamwomba msamaha. Nilimwomba kwa kila jina nililomwita, moja moja. Lile la kusema hana mama nililiomba mara mbili.

"Mama yangu ana hasira kama zako," akasema. "Nimemkumbuka tu."

Tulimzuia asirudi Njombe. Alilala kwa jirani yetu Nikodemo, na Jumapili saa tano kasoro alikuwa sebuleni kwetu, amesimama kando ya ruta kama mlinzi wa benki. Jiko lilikuwa jikoni. Sisi ndio tulikuwa tumejifunika, mimi blanketi, Bibi mawili, na kile kisweta amekiweka mapajani. Ruta ilikuwa wazi juu ya kabati, inawaka taa zake.

Erica akatokea. Kanisa likatokea. Zikapita dakika tano. Wakaimba. Nane. Mchungaji akasoma. Kumi. Nikamkamata Bibi mkono. Kumi na moja. Kumi na mbili. Haruni akaigusa ruta, akaitikia kwa kichwa kwamba haijapata moto. Mchungaji akamnyanyua mtoto mbele ya simu, akasema, "Bibi, karibu."

Bibi Lidia akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kitukuu changu," akasema, "mimi ni Lidia, mama wa babu yako Nahumu. Watu wanadhani nitakupa jina langu. Hata huyu aliyekaa hapa anadhani hivyo."

Ni kweli, nilidhani hivyo.

"Mwanangu alipokufa, huyu mwanamke hakuwa na sababu ya kunijua tena. Angeniacha Matamba. Akaja na lori la mbao, akanipakia na kuku wangu. Ana kelele. Januari mpaka Desemba, ana kelele." Nikasikia Patrick akicheka huko Ulaya. "Lakini kelele zote za mwezi huu alizipiga ili mimi nikuone wewe. Usikie vizuri. Jina lako ni Ema."

Ema ni mimi. Ndilo jina nililobatizwa nalo, na tangu Erica azaliwe mtu aliyekuwa ananiita hivyo ni mmoja tu, Nahumu, tena tukiwa wawili. Miaka sita nilikuwa sijalisikia kwa sauti ya mtu.

Mtoto alipiga chafya. Mchungaji akachota maji, akasema, "Ema," kwa matamshi yake, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, maji yakamwagika.

"Mama?" Erica akaita. "Mama! Umesikia? Jamani, Patrick, angalia, Mama ameganda. Mtandao umekata tena!"

Haruni akaigusa ruta. "Mtandao uko vizuri," akasema.

Nilijaribu kufungua mdomo, ukakataa. Bibi akakichukua kile kisweta mapajani mwake, akanipangusa uso nacho, shavu la kwanza, shavu la pili.

"Haujakata," akamwambia Erica. "Mama yako yupo. Ni leo tu hana la kusema."