Saa Nane Kamili

"Afande, usilambe kidole," mtunza nyaraka alisema bila kuinua macho. "Hilo daftari lina miaka thelathini. Litakufia mkononi."

Alijifuta kidole kwenye suruali, akaomba radhi. Watu wote wa kile chumba cha kusomea walimwita Afande, tangu siku ya kwanza alipoingia na kuchagua meza ya pembeni, mgongo ukutani na uso mlangoni. Alikuwa na miaka hamsini na nne, na alikuwa mwanafunzi. Aliacha jeshi, akarudi kukaa dawati moja na watoto wa watu kufanya mitihani ya sekondari, akafaulu kwa taabu, akaingia chuo kikuu, na sasa alikuwa amebakiza tasnifu tu ili aitwe daktari wa historia. Boksi hili aliliomba kwa miezi saba. Limefunguliwa leo, na wa kwanza kumtazama kutoka ndani yake ni yeye mwenyewe.

Ulikuwa mwandiko wake. Herufi zimelalia kulia, mkia wa "g" umekatwa kama mtu aliyeitwa ghafla. Alifungua ukurasa wa siku ya daraja, akasoma.

"Saa sita kamili: hali shwari. Saa saba kamili: raia wote wamevuka. Saa nane kamili: daraja limelipuliwa. Hakuna raia aliyedhurika."

Tusidanganyane, hakuwa amesahau. Alidhani tu kwamba daftari liliungua pamoja na kambi, na alichodhani kimeungua alikiacha kiungue. Tasnifu yake ilihusu vita vile, kurudi nyuma kwa kikosi kimoja kutoka mtoni, na sura ya nne ilisema kwa lugha safi ya kisomi kwamba kilichotokea darajani hakijulikani.

Kikosini kwao kazi ilikwenda hivi. Mchana kutwa karani wa redio aliandika kwa penseli, maana wino na mvua havipatani. Aliandika kila sauti na dakika yake: saa tatu na dakika saba, saa nne kasoro dakika mbili. Jioni alinakili yote kwa wino kwenye daftari rasmi, na karatasi za penseli zikachomwa. Siku ile ya daraja, koplo aliyekuwa mtoni aliita mara tatu. "Bado kuna watu hapa. Wamebeba magodoro. Subirini." Kamanda alisimama nyuma ya kiti cha karani, akasema neno moja, na karani akabonyeza kitufe na kulipeleka. "Tekeleza." Ilikuwa saa nane na dakika kumi na tisa. Jioni kamanda alikuja kumwambia kipi cha kunakili. Alikuwa na haraka, hakuhangaika na dakika. Alitaja saa tu, na karani akaandika saa tu.

Alilifunga daftari taratibu. Kisha akalifungua tena, akaupiga picha ule ukurasa.

Msimamizi wake, mwanamke aliyemzidi kwa shahada moja na kuzidiwa naye kwa miaka kumi na mitano, alipoona picha za ule ukurasa alipiga meza kwa furaha.

"Saa kamili tupu! Siku nzima! Unaona hapa? Jana yake ana dakika, kesho yake ana dakika, siku hii moja hana. Vita gani hivyo vinavyopiganwa kwa kengele ya shule? Afande, hii imepikwa. Umeokota dhahabu."

"Inaonekana imepikwa," alisema.

"Na huyu mwandishi, maskini, hata kudanganya hajui!"

Alicheka naye. Ilibidi acheke. Wiki ile ile aliiandika upya sura ya nne: daftari si la kuaminika, na huenda daraja lilivunjwa watu wakiwa juu yake. Kuhusu mwandishi, aliandika "karani mmoja". Msimamizi akasema ndiyo sura bora kuliko zote.

Simu ilikuja siku tatu kabla ya utetezi wa tasnifu. Mkewe alikuwa anampigia pasi koti.

"Kijana wangu," ile sauti ilisema. Ilikuwa ya kamanda, imezeeka lakini ni yenyewe. "Nasikia umekuwa msomi. Hongera sana. Na nasikia siku ya utetezi mlango uko wazi kwa yeyote."

"Ndiyo, afande."

"Basi nitakuja kukusikiliza. Nitakaa nyuma tu, sitakusumbua. Wewe ulikuwa na akili tangu zamani, unajua cha kusema na cha kuacha."

"Karibu, afande."

Simu ilipokatika mkewe alikuwa ameisimamisha pasi wima.

"Unaongea na nani umekakamaa hivyo?"

Ndipo alipogundua kwamba alikuwa amesimama, visigino vimeshikana, mkono wa kushoto umenyooka kando ya paja. Alikaa. Akamweleza mkewe yote, kuanzia magodoro mpaka ile "Tekeleza", akitazama sakafu.

Mkewe aliilaza tena pasi juu ya koti, akaisahau hapo mpaka chumba kikaanza kunuka kitambaa cha moto, akaiinua na kuichomoa.

"Miaka ishirini na sita nimelala na wewe," alisema. "Uliniambia ulikuwa karani."

"Nilikuwa karani."

"Wakijua watakufanya nini?"

"Sijui, mama watoto. Wanaweza kunishtaki. Wanaweza kuninyima hiyo shahada. Yule anaweza kutuma watu hapa. Na inawezekana wasifanye chochote."

"Hilo la mwisho ndilo linalokutisha?"

"Yote yananitisha."

"Na mimi naogopa," mkewe alisema. "Sikuambii usiseme. Sikuambii useme. Nakuambia naogopa, ujue hauko peke yako." Kisha akalichukua koti, akalitazama begani, akasema limeungua kidogo lakini halionekani.

Siku ya utetezi chumba kilijaa kuliko alivyotegemea. Watahini watatu walikaa mbele. Mtahini wa nje, bibi mwembamba mwenye miwani ya kamba, alikuwa amekuja na tasnifu iliyochomekwa vikaratasi kila mahali. Mstari wa mwisho, karibu na mlango, mzee mmoja mwenye fimbo aliketi peke yake. Viti vya pande zote mbili vilikuwa vitupu, kana kwamba watu walijua.

Alisoma muhtasari wake. Sauti haikumwangusha. Mtahini wa nje alimuuliza amejuaje kwamba ukurasa ule umepikwa, naye akajibu kama alivyofundishwa: dakika zimetoweka, kurasa za jana yake na kesho yake zinazo, na hakuna vita vinavyokwenda kwa saa kamili tupu. Hapo hakuwa na haja ya kukiri lolote. Ushahidi ulijitosheleza. Watahini waliitikia kwa vichwa, msimamizi wake akatabasamu, na mwenyekiti akaangalia saa.

"La mwisho, dogo tu," alisema bibi. "Huyu karani wako. Ulimtafuta?"

Maneno mawili yangetosha. Hakupatikana, mheshimiwa. Angeyasema, angepewa mkono, wangepiga picha, na angetoka humo akiitwa daktari mpaka siku ya kufa kwake. Alitazama nyuma. Mzee wa fimbo alikuwa anamwitikia kwa kichwa, polepole, kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka shairi.

Alishika ukingo wa meza. Alikuwa amepita kwenye milio ya mizinga bila kuogopa hivi.

"Ni mimi," alisema. "Mwandiko ni wangu. Na amri ilipelekwa na mimi, kwa sauti yangu, saa nane na dakika kumi na tisa. Watu walikuwa juu ya daraja. Tuliambiwa wapo. Nilijua."

Msimamizi wake alijiziba mdomo. Mwenyekiti alisimama, akakaa tena. Huko nyuma fimbo iligonga sakafu, kiti kikaburuzwa, na hatua za mtu mzee zikaanza kutembea. Hakuweza kujua kama zinaelekea mlangoni au zinakuja kwake.

Bibi aliifunga tasnifu, akaiweka chini, miguuni. Akachukua karatasi tupu.

"Sogea karibu," alisema. "Sikio hili halisikii vizuri. Ni nani aliyewaambia kwamba wapo?"

Afande alivuta kiti mpaka mbele ya bibi, akakaa, zile hatua bado zikigonga nyuma ya kisogo chake.

"Koplo," alisema. "Aliita mara tatu."