Fomu ya Mwalimu Donatus

Mwalimu Donatus alikuwa anasomea shahada ya pili, ya kuwafundisha watoto wanaoishi katika umaskini. Ili amalize, chuo kilimtaka ashinde siku ishirini kwenye nyumba moja maskini na kujaza fomu kila jioni. Akachagua kwetu, Nyahanga, kwa sababu Blessing wangu alikuwa darasani kwake na kila ikifika saa nne alikuwa anasinzia. Fomu ikithibitisha kwamba nyumba ni maskini kweli, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo ataandikiwa uji na chakula cha mchana shuleni mpaka la saba. Blessing ndiye wa kwanza, tena yuko peke yake, na baba yake Makoye yuko machimboni Geita, hatujamsikia tangu mavuno. Ile fomu niliitaka kuliko alivyoitaka mwalimu mwenyewe.

Siku ya kwanza alikuja na kalamu mbili. Mama mkwe wangu, bibi yake Blessing, alipomwona tu akakamata jogoo. Kwake mgeni halishwi mlenda, na mgeni mwenye shahada ndiyo kabisa. Mwalimu akapewa paja na firigisi. Nikachungulia fomu: mlo wa leo, kuku.

Siku ya pili tukachinja tetea. Ya tatu kuku alitoka kwa jirani yetu Mama Swaumu, aliyesema hataki mtaa uaibike. Kufikia siku ya tisa tulikuwa tumemaliza kuku wa nyumba sita, na mwalimu amelegeza mkanda matundu mawili. Alimwomba bibi ampe chakula chetu cha siku zote. Bibi akamwuliza amemkosea nini.

Siku ya kumi akaja mhadhiri wake, Daktari Scolastika, kukagua. Alisoma fomu akiwa amesimama, akasema yeye mwenyewe kuku humwona Jumapili. Kisha akamwuliza Blessing kama huwa analala njaa. Mtoto akanitazama. Kwetu njaa haisemwi mbele ya mgeni, na hilo nilimfundisha mimi.

"Shikamoo, tunashiba," akajibu.

Daktari akatoa kalamu aandike kwamba nyumba haifai. Nikaona nikinyamaza, uji umekwenda.

"Daktari, sisi tunakula michembe, hivi viazi vya kukausha," nikasema. "Kuku anakuja na mwalimu. Mwalimu akiondoka, na kuku ameondoka."

Daktari akaagiza mwalimu atutazame kwa mbali, nyuma ya ua wa minyaa. Kesho yake akachutama huko na fomu yake. Bibi akamwona, akampelekea kiti, maji ya kunawa na bata, maana kuku walikwisha.

Jioni ile nilimweleza bibi kwa Kisukuma kwamba dawa ni moja tu, mwalimu aache kuwa mgeni. Akalala akiwaza hilo. Asubuhi akamwita mwalimu uani, akamwekea mkono kichwani, akampa jina la ukoo wa marehemu mume wake, na kutangaza kuwa sasa ni mtoto wa nyumba hii. Kisha akamtuma maji kwa dumu. Jioni mwalimu aliandika: michembe, kidogo.

Daktari aliporudi siku ya ishirini alitikisa kichwa kwa huruma, akasema huu sasa ni umaskini wenyewe. Akauliza nyumba ina watoto wangapi. Bibi hafichi watoto wake. Wawili, akasema. Wa pili Blessing, wa kwanza Donatus, miaka thelathini na sita.

Nilijaribu kusema. Daktari akaniambia fomu haina nafasi ya maelezo, akagonga muhuri.

Mwalimu alifaulu vizuri. Sasa kila saa nne kengele ikilia anapanga foleni na kikombe chake cha plastiki, nyuma ya watoto wa darasa la kwanza. Akishapewa uji anampa Blessing. Mchana vilevile. Mpishi humgombeza kwa kutovaa sare. Blessing hasinzii tena.

Mwezi uliopita walitaka kumhamishia shule ya Isaka akawe mwalimu mkuu. Alikuja kutuaga na begi lake. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamnyang'anya begi, akalipeleka ndani.

"Mtoto hahamishwi shule katikati ya mwaka," akamwambia. "Utahama ukimaliza la saba."