Maana ya Thelathini na Saba

Kama kuna neno la Kiingereza ambalo ningelifikisha mahakamani, ni "run". Herufi tatu tu. Muulize mtoto wa shule atakujibu huku akila: kukimbia. Laiti mambo yangeishia hapo, ningekuwa nimemaliza kazi zamani. Lakini wenye lugha yao hawana aibu. Mwanariadha "run", haya, tumekubali. Mto nao "run", ilhali sisi tunajua mto hutiririka. Pua ya mtoto mwenye mafua, "run". Shati likichuja rangi ndani ya beseni, "run". Mtu anaendesha duka, mwingine anagombea kiti, injini inanguruma, basi linafanya safari zake, gazeti linachapisha habari, na kote huko neno ni lile lile. Ni kama nyumba yenye sufuria moja, humo humo inapikwa chai, humo humo maharage, na jioni humo humo anaogeshwa mtoto.

Ofisi yetu inatengeneza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya shule. Kila neno gumu lina sanduku lake la mbao, na kila maana ina kadi yake. Mbele ya kadi kuna maana na sentensi moja ya Kiswahili ya kuionyesha. Nyuma kuna mambo matatu: nani aliisema, wapi, tarehe gani. Hapo ndipo tunapogombana na dunia, kwa sababu Mkuu wetu hataki kusikia habari ya sentensi ya kutunga.

"Sentensi ya kutunga ni jino la bandia," husema kila kikao. "Linajaza pengo, lakini mfupa halivunji."

Kwa hiyo lazima sentensi iwe imetoka kinywani mwa mtu halisi, na wewe uwe umeisikia kwa masikio yako mwenyewe, na jina la msemaji liandikwe nyuma kama anavyojulikana kwako. Watu wametuzoea. Mashemeji wananyamaza tukiingia sebuleni.

Sanduku la "run" lilikuwa la Mzee Kadi, ambaye meza yake ilitazamana na yangu. Alilihangaikia miaka sita. Ijumaa aliyostaafu alilibeba mwenyewe, akalitua mbele yangu.

"Koma," akasema. Jina hilo alinibatiza yeye, kwa kuwa koma iliyokaa vibaya naiona hata karatasi ikiwa juu chini. "Zimo kadi sitini na moja. Uzihakiki moja baada ya nyingine. Usiruke hata moja."

"Mzee, lini umeniona nikiruka?"

Hakucheka. Alichukua kikombe chake na kopo la kalamu, akaaga, akaenda zake. Nilidhani ni uchungu wa kustaafu.

Jumatatu asubuhi nikaketi na kalamu nyekundu, na nakiri nilicheka. Kadi ya pua ilisema: "Mfute mwanao pua, inatiririka mpaka kwenye uji." Msemaji: jirani wa juu, ngazini. Kadi ya kuchuja rangi: "Hilo shati lako jekundu limeharibu mashuka yangu yote, na mimi siyafui tena." Msemaji: mke wangu, uani. Kadi ya kugombea: "Kura usinipe kwa sababu ya udugu, nipe kwa sababu yule mwingine ni mwizi." Msemaji: shemeji yangu mdogo, msibani. Kadi ya injini: "Linanguruma vizuri tu, ila haliendi, kama mwenyewe." Msemaji: fundi magari, akimwambia mteja. Nikapiga tiki, tiki, tiki.

Kadi ya thelathini na saba ilikuwa ya maradhi au tabia inayopita kwenye damu ya ukoo, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Hilo nalo kwao ni "run". Sentensi ilisema hivi:

"Haya macho ni ya ukoo. Yalianza kwa mama, yakaja kwa dada, sasa yamenifika mimi. Na nikimtazama binti yangu anavyosoma, najiuliza yeye lini."

Nilisoma kama mhakiki. Koma zipo, nukta zipo mahali pake. Nikageuza nyuma. Msemaji: mama yake Koma. Mahali: mezani kwangu, akimsubiri binti yake atoke kikaoni. Tarehe tisa Machi, mwaka jana. Mambo yote matatu yapo. Nikapiga tiki.

Nilikuwa nimeshashika kadi ya thelathini na nane ndipo mkono uliponigoma.

Koma ni mimi. Mama yake Koma ni mama yangu mzazi, fundi cherehani, ambaye nilikula naye chakula cha mchana jana yake tu, akanisimulia umbea wa mtaa mzima na asitaje macho hata kidogo. Bibi yangu alikufa kipofu, tukaambiwa ni uzee. Mama mkubwa aliacha kuona kabla hajatimiza miaka hamsini na mitano, tukaambiwa ni moshi wa jiko. Nami nikameza, mimi ninayejifanya siwezi kuruka koma.

Niliisoma tena kadi, nikaisoma tena, nikitumaini kwamba kuna Koma mwingine duniani. Kisha nikahesabu kwa vidole. Machi hadi Februari. Miezi kumi na moja.

Nikampigia simu Mzee Kadi. Sikumwamkia. Tangu nizaliwe sijawahi kuacha kumwamkia mtu wa umri wake.

"Umefika thelathini na saba," akasema yeye kabla sijafungua mdomo.

"Kumbe ulijua!"

"Nilijua, mwanangu. Siku ile aliniona natia dawa yangu ya macho, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia, presha ya macho. Ndipo akasema hayo uliyoyasoma. Nikamwomba niandike, akakubali. Ila aliniapisha nisikwambie. Akasema atakwambia mwenyewe."

"Na hukumwambia aende hospitali?"

"Nilimwambia siku ile ile. Nikampigia Aprili, nikampigia Juni. Kila mara ananijibu wiki ijayo. Mara ya mwisho hakupokea."

"Mzee, ni macho hayo! Si siri ya harusi!"

"Nimekosa," akasema. "Sina pa kujificha. Mkuu aliponiuliza nani apewe sanduku, wenzako wawili walilitaka. Nikasema apewe Koma. Kiapo changu kilikuwa cha mdomo, na mdomo sikuufungua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilimsaidia kuficha."

Nilimkatia simu. Nilikuwa na hasira naye hata meno yaliniuma, na nilijua kwamba hasira hiyo nimeipeleka kwa jirani, mwenye nyumba bado sijamfikia.

Chumba cha kushonea cha mama kiko ghorofa ya chini, kati ya fundi viatu na muuza vioo. Nilifika jua likiwa utosini. Nilisimama mlangoni bila kubisha, nikamtazama kama ambavyo sikuwa nimemtazama mwaka mzima. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, shingo imepinda, jicho la kulia limekaribia sindano ya cherehani utadhani anainong'oneza. Mezani palikuwa na kimto chenye sindano kumi na mbili za mkono, zote zimeshatungwa uzi, zimepangwa mstari. Fundi viatu ndiye aliyekuwa akimtungia kila asubuhi. Hilo nililijua baadaye, na mtaa wote ulikuwa unalijua.

Nikasogea upande wake wa kushoto, hatua mbili, tatu, mpaka nikawa karibu ya kumgusa. Hakugeuka. Nikainua mkono wangu, nikaupunga kando ya uso wake. Mama akaendelea kushona.

Huyu ndiye mama niliyekuwa nikimtania kwamba siku hizi anagombana na milango. Nilimcheka mbele ya wageni alipomwaga mtungi wa maji. Niliona aibu mpaka nikataka kutoka nje na kuingia upya.

"Mama," nikasema.

Akaruka nusu ya kiti. "We mtoto! Unaingiaje kama paka?"

"Nimeingia kama mtu. Wewe hukuniona."

Akazima cherehani. Alikunja kitambaa mara mbili, akakinyoosha, akakikunja tena.

"Yule mzee amekwambia."

"Hajaniambia. Nimesoma. Umeandikwa, mama! Unaingia kwenye kamusi! Wanafunzi wa nchi nzima watayajua macho yako, na mimi niliyetoka tumboni mwako ndiyo kwanza nayasikia leo!"

"Usipige kelele, kuna wateja."

"Waje na wateja! Miezi kumi na moja, mama. Kwa nini?"

Aliitafuta meza kwa kiganja, akajiegemeza.

"Bibi yako alipewa matone," akasema. "Akatia wiki moja, akaona yanawasha, akayamwagia maua. Dada yangu naye aliogopa kuambiwa jina la ugonjwa, hakwenda kabisa. Mimi nikajisemea, nitashona mpaka pale patakapofika. Lakini wewe unakula kwa macho yako. Nikikwambia, kila utakapokutana na herufi ndogo utaona kama inakuaga. Nilitaka ufanye kazi yako bila hofu, walau umalize hicho kitabu kwanza."

"Kamusi haimaliziki, mama!"

Tukatazamana, au mimi nilimtazama. Ghafla nikaanza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni, na yeye ndiye akawa wa kunifuta. Aliyatafuta machozi yangu kwa vidole, akakosea shavu mara ya kwanza.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kliniki ya macho. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole na maneno makavu. Alimwangalia mama ndani ya macho kwa kitaa kidogo, muda mrefu mno. Presha ya macho, akasema. Haiumi, haiwashi, haitoi machozi. Huanzia pembeni, kama mtu anayekunja mkeka kutoka ukingoni, na mwenye macho hajui kitu mpaka mkeka uishe. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa matone ya kila siku, bila kukosa, mpaka mwisho wa maisha.

"Jicho la kushoto limekwisha," akasema. "La kulia nitalipigania. Mngekuja mwaka jana..." Akaona uso wangu, akaiacha sentensi hewani.

Walimpeleka mama kwenye chumba chenye mwanga hafifu apimwe upana wa kuona. Humo mna mashine nyeupe iliyobonyea katikati kama beseni lililosimamishwa wima. Unaegemeza kidevu, unazibwa jicho moja, unakaza macho kwenye alama ya katikati. Vinukta vya mwanga vinawaka pembeni, mara huku mara kule. Kila kinapowaka kimoja mashine inasema tik. Ukikiona unabonyeza kitufe, nacho kinalia pii. Muuguzi alisema kukosa kimoja kimoja ni kawaida, hata kwa mzima.

Nilikaa kwenye kibao, nikasikiliza macho ya mama yangu. Tik, pii. Tik, pii. Tik. Tik. Tik, pii. Tik. Nilikuwa nafunga ngumi kila tik iliyokosa mwenzake. Hata hivyo pii zilikuwa nyingi kuliko nilivyoogopa. Muuguzi aliangalia karatasi iliyotoka, akatikisa kichwa kukubali, akasema pana kitu cha kulinda. Nilimkumbatia mama kwa nguvu mpaka akalalamika.

"Sasa wewe," muuguzi akaniambia.

"Mimi mzima," nikasema. "Nasoma maandishi yanayotoshana na sisimizi, kutwa nzima."

"Kusoma si kipimo. Katikati huharibika mwisho. Mtoto wa mgonjwa naye hupimwa, ndio utaratibu wetu. Dakika kumi tu."

Mama akakaa kwenye kibao nilichotoka. Nikaegemeza kidevu. Nilikuwa nimechoka, nimefurahi, na nilijiona nimeshamaliza mtihani mgumu wa siku hiyo. Nilizibwa jicho la kulia, nikakaza la kushoto kwenye alama.

Kinukta kikawaka, nikabonyeza. Kikawaka kingine, nikabonyeza. Nilikuwa hodari, nilitamani Mkuu angeniona. Kisha vikaacha kuja. Nikakaza jicho kwenye alama kama nilivyofundishwa, kitufe kiko tayari chini ya kidole gumba, nikangoja. Beseni lilikuwa jeupe, tulivu, safi kila upande. Tik. Tik. Tik. Nikadhani ni muuguzi anarekebisha mashine.

"Mwanangu," mama akasema nyuma yangu. "Mbona hubonyezi?"